Kiraka cha Ghada

Chake Chake
Jumamosi, 3 Februari 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeandika kwa herufi kubwa kama ulivyoniagiza, na mistari nimeiachia nafasi ili kalamu yako nyekundu ipate pa kupita.

Wamekikubali! Juzi Alhamisi, baada ya Adhuhuri, nilifungua barua za mradi kwenye kompyuta nikakuta neno moja tu kutoka kwa Tomasz, yule Mpolandi anayeamua kipi kiingie na kipi kirudi: "Kimeingia." Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nikaenda kwa Abrahman, mkuu wa ofisi yetu, nikamwambia, "Kiraka changu kimeingia." Akaniuliza, "Kiraka kipi?" Miezi saba nakitengeneza, meza ya pili kutoka yake! Lakini nilipomweleza alifunga ofisi kabla ya saa, akatunywesha sote juisi ya ukwaju.

Toleo jipya la programu litatoka mwezi wa tano. Litatumika nchi ambazo mimi nazijua kwa ramani tu. Na ndani yake, kwenye orodha ya waliofanya kazi, patakuwa na jina Ghada Sleiman. Natamani baba angekuwepo.

Nisalimie kaka Muhannad na mkewe Yumna. Ashraf, utingo wa gari ya Konde, ameahidi kuifikisha barua hii kesho.

Mwanao,
Ghada


Shumba Mjini
Jumatano, 7 Februari 2024

Mwanangu Ghada,

Marahaba, na Mwenyezi Mungu akuzidishie. Ashraf kaileta barua ikiwa imekunjika lakini haijachafuka. Nimeisoma mara tatu. Nimelia kidogo, kisha nikaacha, kwa sababu nilijiuliza nalilia nini nikaona sijui.

Kiraka, kwa Kiswahili ninachokijua mie, ni cha nguo iliyochanika. Kama hiyo programu ya watu ilikuwa imechanika, waliokuwa wakiivaa walikuwa uchi? Hebu nieleze kama unavyomweleza mtoto wa darasa la tano. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na nne, na sijapata kujivunia jawabu nisiloweza kuonesha njia yake. Watu wananiuliza hapa, "Bi Moza, huyo Ghada kafanya nini?" Nasema, "Mambo ya kompyuta." Basi kila mwenye simu mbovu ananiletea nikupelekee.

Usinipigie simu kunieleza. Masikio yangu unayajua, simu kwangu ni mvumo tu, na kile kioo chake kinaniumiza macho. Andika. Una karatasi, una mkono.

Umeandika "natamani baba angekuwepo". Ni "angalikuwepo", au useme "natamani baba awepo", lakini hayupo, Mungu amrehemu. Angalifurahi kuliko mimi, ingawa asingaliuliza maswali.

Mama yako,
Moza bint Mmanga


Chake Chake
Jumatatu, 12 Februari 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Darasa la tano, kaeni sawa.

Ofisi yetu inaweka kumbukumbu za vituo vya afya: mtoto gani kachanjwa, mama gani arudi lini kliniki. Zote zinakaa ndani ya programu moja inayoitwa hifadhidata. Hatukuitengeneza sisi. Imetengenezwa na watu wa kila nchi, na yeyote anaweza kupendekeza marekebisho. Pendekezo moja ndilo kiraka. Jina si zuri, nakubali.

Sasa, hifadhidata haihifadhi tu habari za watu. Inajihesabu na yenyewe: leo nimeulizwa mara ngapi, swali lipi limenichelewesha, jedwali gani halijaguswa muda mrefu. Hizo ndizo takwimu zake, na kwa hizo tunajua wapi imeelemewa. Ikifanya kazi huwa nazo kichwani. Ikizimwa kwa utaratibu, inaziandika kwenye faili. Ikiwashwa inazisoma, inaendelea ilipoishia.

Watu wanaruhusiwa kuipachikia programu zao ndogo, tunaziita viendelezi. Mimi nimetengeneza kimoja kwa ajili ya ofisi. Kinahesabu kila kituo kinauliza nini, na kinaweka maneno ya swali lenyewe. Tabu ni kwamba lile faili la takwimu linapokea namba tu, tena za urefu uliokwisha kupimwa. Maneno hayaingii, kwa kuwa swali moja lina maneno matano na jingine mia tatu. Kwa hiyo kila tukizima na kuwasha, hesabu zinabaki, maneno yanapotea. Unajua kwamba swali la kumi na saba limeulizwa mara elfu nne, lakini hujui lilikuwa swali gani.

Nilichofanya ni kuweka kulabu tatu ndani ya programu kuu. Kulabu ni mahali ambapo programu kuu inasimama na kumwita kiendelezi: njoo, zamu yako. Ya kwanza inamwita wakati wa kuandika: namba zinakwenda faili kuu, na yeye anaandika maneno yake kwenye faili lake la pembeni. Ya pili inamwita wakati wa kusoma. Ya tatu inamwita mwisho, afunge faili lake na asafishe alipopita.

Kuziweka si kazi kubwa. Kazi ni kuziweka kwa usalama. Kiendelezi ni mgeni anayeingia nyumbani kwa watu, na wageni hao wataandikwa na watu nisiowajua, Brazil, Korea, popote. Mmoja akikosea, akosee peke yake. Nyumba isimwangukie kila mtu. Hilo ndilo nililolihangaikia miezi saba, na kwa ajili ya hilo wamenikubali.

Umefahamu?

Mwanao,
Ghada


Shumba Mjini
Jumanne, 20 Februari 2024

Mwanangu,

Nimefahamu. Nimemweleza Yumna naye kafahamu, na Yumna hesabu alizikimbia darasa la sita. Kwa hiyo umeeleza vizuri.

Sasa nina fahari kamili, yenye njia na jawabu. Na fahari hii sitoiweka kabatini. Idi ikishapita, Jumamosi ya tarehe 27 Aprili, nitafanya dhifa hapa nyumbani. Nimekwisha kumwambia Sheha. Nimewaambia walimu wenzangu wote waliobaki hai. Na nimempelekea salamu Maalim Nyange.

Hujamsahau Maalim Nyange, mkuu wa skuli yako. Ulikuwa kidato cha pili, mimi nimekaa ofisini kwake, naye akaniambia mbele ya walimu wawili, "Bi Moza, usimlazimishe binti yako. Anajitahidi, lakini hesabu si zake. Mpeleke kwenye masomo ya kusoma na kukariri." Nilitoka nikatembea kwa miguu kutoka skuli mpaka nyumbani, jua la saa saba, na sikukwambia. Leo nakwambia. Nataka aje, ale boko boko langu la mchele na nyama, na asikie.

Mama yako,
Moza


Chake Chake
Ijumaa, 5 Aprili 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Saumu inaendeleaje? Hapa tunamaliza salama, alhamdulillahi.

Samahani kwa kimya changu. Kazi zimenizidi. Sidhani kama nitaweza kuja kusherehekea Idi na nyinyi. Nitaswali hapa Chake.

Na ile dhifa, nafikiri ingesubiri kidogo. Toleo lenyewe halijatoka. Si vizuri kusherehekea kitu kabla hakijatoka. Wengine watasema tunajisifu.

Nisalimie wote.

Ghada


Shumba Mjini
Jumanne, 16 Aprili 2024

Ghada,

Idi imepita. Nilipika kama kawaida, na sahani yako niliiweka kama kawaida, jioni nikampa mtoto wa jirani.

Kutoka Chake mpaka hapa ni mwendo wa asubuhi moja. Tangu uanze kazi, hujakosa Idi hata mwaka ule wa mafuriko. Barua yako ina mistari kumi na hakuna hata mmoja unaofanana na wewe. "Wengine watasema tunajisifu." Wewe hujapata kuogopa wengine watasema nini.

Nimekaa nimefikiri. Kwanza nilidhani unaumwa. Ashraf kasema kakuona sokoni, uko mzima. Kisha nikadhani ni habari ya yule kijana wa Wete, Qais, ambaye watu wake walikuja kuuliza habari ya posa. Yumna kasema siyo. Basi limebaki moja, na nitaliandika kwa kuwa kulisema siwezi.

Watakuja wageni wakubwa. Mama yako hasikii. Akizungumzishwa anajibu mengine, akizungumza anapaza sauti kama yuko shamba, na watu wanatazamana. Nimewaona wakitazamana. Kama unaona haya kukaa ubavuni kwangu siku hiyo, niambie, sitakasirika. Nitakaa jikoni, Muhannad atawapokea wageni. Lakini usinidanganye kwa neno "kazi".

Moza bint Mmanga


Chake Chake
Jumatano, 24 Aprili 2024

Mama yangu mpenzi,

Haya kwa ajili ya masikio yako? Mama! Nimeisoma barua yako ofisini nikatoka nje mbio. Nimekaa nayo siku nzima, na usiponisamehe nitaelewa, ila usiamini jambo hilo hata kwa dakika moja. Ningekuwa na nusu ya sauti yako ningesimama nayo mbele ya dunia nzima.

Ninachoona haya ni hiki.

Tarehe mbili Aprili nilikuwa nakijaribu kiendelezi changu kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi, ile iliyojazwa picha za warsha mpaka diski haina nafasi. Nilibuni vituo viwili vya uongo kwa ajili ya majaribio, nikavipa majina ya mama wadogo: Kituo cha Mwanawema na Kituo cha Mwanapili. Cha Mwanawema nikakiulizia mara mia tisa, cha Mwanapili mara tatu. Nikazima, nikawasha. Nikasoma: Mwanapili, mia tisa. Mwanawema, tatu.

Nilirudia mara nyingi nikidhani nimekosea kusoma. Sikukosea kusoma. Faili kuu liliandikwa upya, sawasawa. Faili la pembeni halikuandikwa kwa kuwa nafasi haikuwepo, likabaki lile la jaribio la kabla yake, ambamo Mwanapili alikuwa mbele ya Mwanawema. Na programu kuu haikujua! Ilimwambia kiendelezi "andika", kisha ikaendelea na mambo yake bila kungoja jibu. Mimi ndiye niliyeiandika hivyo. Miezi saba nimepanga mgeni aingie vipi na atoke vipi, na sikuweka mahali pa kumuuliza, "Umeweza?" Namba mpya zikakutana na maneno ya zamani, na hakuna kilicholia. Ingekuwa imeanguka ningefurahi. Haikuanguka. Ilikaa wima ikasema uongo.

Nilimwambia Abrahman. Mazungumzo yetu nayakumbuka neno kwa neno.

"Diski hujaa mara ngapi duniani?"

"Sijui."

"Nani kaliona kosa hili?"

"Mimi."

"Nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi kaa nalo. Utalitengeneza kimya kimya toleo lijalo. Jina lako liko mle, na la ofisi yetu liko mle. Si watu wengi wa kisiwa hiki wenye jina mle, Ghada. Usitutie aibu kwa kosa ambalo hakuna aliyeliona."

Hakulisema kwa ubaya. Alinihurumia. Nami nikamsikiliza, Mama. Siku ishirini na moja nimemsikiliza. Nilikuwa nikifikiria tarehe 27, nikakuona umesimama mbele ya Maalim Nyange unanisifu kwa kitu ambacho mimi najua ni kibovu. Sikuweza kuja, na sikuweza kukwambia usinisifu. Ndipo nikaandika ile mistari kumi.

Barua yako ndiyo iliyonitoa. Jana asubuhi niliandika kwa mradi wote, watu elfu na zaidi wanaosoma: "Kiraka changu kina kosa. Kinaweza kuchanganya takwimu za watu bila kumwambia mtu yeyote. Jinsi ya kulionesha kosa nimeandika hapa chini. Naomba kiondolewe kabla ya toleo." Abrahman alikuwa nyuma yangu akisoma. Hakunizuia. Alitoka tu.

Tomasz alijibu baada ya saa mbili: "Nimekiondoa." Neno moja, kama lile la kwanza. Mtu mwingine akaandika, "Miezi saba ya kukipitia, kwa hili?" Jina langu limetoka kwenye orodha.

Kwa hiyo hakuna cha kusherehekea. Nakuomba uwaambie wageni wasije. Sema naumwa, sema lolote. Nami sitakuja, maana sina uso wa kukaa mbele yao.

Mwanao aliyekosa,
Ghada


Shumba Mjini
Jumapili, 28 Aprili 2024

Mwanangu Ghada,

Barua yako ilifika Alhamisi jioni. Ijumaa nilishinda uani na mchele. Yumna akaniandikia kwenye karatasi, "Tuwaambie wasije?" Nikaandika chini yake, "Mchele ushachaguliwa."

Walikuja sitini na wawili. Nakwambia ukweli, walikuja na wale wa vyama vyote viwili, watu ambao tangu uchaguzi hawaitikiani salamu, hata mazishi wamesusiana. Wamekaa jamvi moja kwa sababu boko boko lilikuwa sinia moja. Sheha alikuja. Maalim Nyange alikuja, kwa fimbo, kazeeka.

Wakasema, haya Bi Moza, tueleze habari ya binti. Nikasimama. Nilikuwa nimeishika barua yako mkononi. Nikawaambia, "Nimewaita kwa furaha, na habari imegeuka. Sitowadanganya. Sikilizeni mwenyewe alivyosema." Nikaisoma. Yote, Ghada. Na Abrahman, na siku ishirini na moja, na uso wa kukaa mbele yao. Mie sisikii sauti yangu, kwa hiyo sijui niliisoma kwa kiasi gani. Yumna anasema wapita njia walisimama barazani.

Nilipomaliza nikawatazama. Wengine walikuwa wanatazamana kama ninavyowajua. Mtu mmoja alicheka, nami nikamtazama mpaka akaacha. Maalim Nyange alikuwa ameinamisha kichwa, nikadhani naye anacheka. Kumbe anatafuta kalamu. Alijua sitomsikia. Aliandika, akasimama, akawasomea watu kwanza, halafu akanipa. Karatasi nimeiweka humu ndani ya bahasha, lakini nainakili isije ikapotea:

"Bi Moza, nimesahihisha madaftari miaka thelathini na moja. Wengi walinijia kudai alama za vema walizonyimwa. Hata mmoja hakupata kunirudishia vema aliyopewa kwa makosa. Mwambie binti yako kwamba nilikosea juu yake, na nimelisema mbele za watu."

Nililia, na safari hii nilijua nalilia nini.

Sasa sikia yangu. Kosa la kwanza silihesabu kuwa kosa: ulikuwa hujui. Siku ishirini na moja za kunificha nazihesabu. Na Idi yangu unadaiwa, utailipa Idi ya Hajj kwa kukaa siku nne, si moja.

Baada ya watu kuondoka nilichukua karatasi nikachora hayo mafaili yako mawili. Bila shaka sasa programu kuu utaifanya imuulize mgeni, "Umeweza?" Nina swali. Mgeni akijibu "nimeweza" naye hakuweza? Ima kwa uongo, ima kwa kutojua, kama wewe mwenyewe ulivyokuwa hujui? Mwanafunzi akiniambia amemaliza sichukui neno lake, natazama daftari. Utalitazama wapi daftari la mgeni?

Nijibu hilo. Na ukitengeneze.

Mama yako anayekujivunia kuliko jana,
Moza bint Mmanga


Chake Chake
Alhamisi, 9 Mei 2024

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Karatasi ya Maalim Nyange nimeibandika ukutani juu ya meza yangu.

Siku nne za Idi ya Hajj nimekwisha kuziombea ruhusa. Abrahman kaniambia, "Chukua tano." Tangu siku ile hatukuwa tukizungumza zaidi ya salamu. Juzi akaja na kiti chake, akakaa mezani kwangu, akasema, "Nioneshe hilo kosa." Nikamwonesha. Akaniambia, "Mimi ningelificha." Nikamjibu, "Nami nililificha." Tukacheka. Sasa kila Jumatatu tunajaza diski makusudi na kuikorofisha.

Swali lako limenikalisha siku mbili nikichora mafaili kama ulivyochora wewe. Jibu lake nalitafuta; hakuna aliyeliuliza katika mradi mzima.

Mwanao,
Ghada


Chake Chake
Jumatatu, 11 Novemba 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Yumna kaniambia kwa ujumbe kwamba mguu wako uliokuwa ukikuuma umepoa. Alhamdulillahi.

Nilikwambia wakati wa Idi kwamba ninakiandika upya, na kwamba nisingesema tena mpaka kiishe. Kimeisha. Nakueleza kilivyo sasa, kwa kuwa utauliza.

Kulabu zote sasa zinangoja jibu. Kiendelezi kikisema "sikuweza", programu kuu haiandiki nusu nusu: inalitupa faili lake na la mgeni pia. Kulabu ya tatu inaitwa kila mara, iwe mambo yamekwenda vizuri au vibaya, na inaambiwa yamekwendaje, ili mgeni asiache takataka nyuma.

Na swali lako. Kila hifadhidata inapozimwa, programu kuu inachagua namba moja mpya, haijapata kutumika. Namba hiyo inaiandika kwenye faili lake, na inaiandika yenyewe kwenye faili la mgeni, kabla na baada ya maneno yake. Haimwachii mgeni aiandike. Ikiwashwa inalitazama daftari: namba zinafanana? Zikifanana, inasoma. Zisipofanana, haijali mgeni alisema nini. Inaacha zote, inaanza kuhesabu upya kutoka sifuri, na inaandika wazi kwamba imepoteza takwimu. Habari za watoto na mama zao haziguswi, ziko mahali pengine. Kinachopotea ni hesabu zake yenyewe tu. Watu wa mradi walibishana mwezi mzima kama si ukali mno kupoteza kila kitu kwa namba moja. Niliwajibu kwamba bora isahau kuliko ikumbuke uongo, na kwamba mimi nimeuona uongo huo kwa macho yangu.

Mwezi wa tisa mtu mmoja wa Brazil alikijaribu na kiendelezi chake. Kiendelezi kilikuwa kibovu, kilikuwa kinajibu "nimeweza" kila mara, hata diski ilipojaa na faili lake likabaki la zamani. Hifadhidata iliamka, ikaitazama namba, ikakikataa. Aliandika kwa mradi: "Nimegundua kosa langu kwa sababu ya ukaguzi huu. Nani aliyeufikiria?"

Leo asubuhi Tomasz ameandika: "Kimeingia." Kisha, Mama, ameendelea kuandika, mistari minne, jambo asilolifanya. Anasema kwamba alipokiondoa kiraka cha kwanza hakujua aseme nini, kwa kuwa yeye mwenyewe alikipitia na hakuliona kosa, na haya zake zilikuwa kubwa kuliko zangu. Na kwamba kuanzia sasa mtu yeyote atakayetaka kugusa sehemu hiyo ya programu, popote alipo, lazima kwanza apite kwangu.

Kuna jambo jingine, na nililifanya bila ruhusa yako. Katika mradi wetu kila kiraka kinaandikwa nani alikitengeneza na nani alitoa wazo. Mahali pa aliyetengeneza nimeandika Ghada Sleiman. Mahali pa wazo la ile namba nimeandika Moza Mmanga, Shumba. Tomasz aliniuliza, "Huyu ni mhandisi wa kampuni gani?" Nikamjibu, "Ni mwalimu wa hesabu."

Jina lako haliwezi kufutika sasa. Liko kila nchi.

Mwanao,
Ghada


Shumba Mjini
Jumatano, 13 Novemba 2024

Mwanangu Ghada,

Marahaba, marahaba.

Nimeisoma mara moja tu. Ilinitosha. Nikaikunja nikaiweka, nikatoka nikachota maji, nikarudi. Yumna kaniuliza kwa mkono, "Habari gani?" Nikamwambia. Nadhani nilimwambia kwa sauti kubwa, kwa sababu majirani wawili walitokeza.

Safari hii sialiki mtu. Watakaotaka kujua watakuja wenyewe kuuliza, na mimi nitawaeleza moja baada ya moja, kwa njia yake na jawabu lake, nina muda.

Ruhusa hukuniomba, na ungaliniomba ningalikunyima, ningalisema swali si kazi. Kwa hiyo umefanya vyema kutoniomba.

Lakini mie ni mwalimu. Umenieleza, nimefahamu, na kufahamu hakunitoshi. Jumamosi nitapanda gari ya kwanza, mguu au hapana mguu. Mwambie Abrahman aniwekee kiti kisicho na magurudumu. Nitakaa mbele ya hiyo kompyuta kuukuu, na sihitaji mtu wa kunifasiria, macho yangu yanasoma. Ujaze diski mpaka ifurike. Umtie mgeni muongo ndani. Uizime, uiwashe. Nataka niione ikiamka yenyewe, na niyasome kwa macho yangu maneno yake ikikiri kwamba imesahau.

Mama yako,
Moza bint Mmanga